Likasi: nyumba ya akili, lakini ufunguo uko kwa nani?

Umeme ukirudi ku Likasi kisha kukatika saa mingi, mutu anajua hata kama alikuwa amelala. Frigo inaanza kunguruma, watoto wa avenyu wanapiga kelele "imekuya!", na mu kila parseli kila mutu anakimbia: huyu anachaji telefone, yule anapiga pasi, mwingine anaangalia kama pompi inapandisha maji mu tanki. Ni mu muji huo ndiyo habari ya "nyumba ya akili" imeanza kuingia. Taa zenye kuwaka peke yake mutu akipita. Mulango wenye kufunguka na telefone. Kamera ku kila kona, na mwenye nyumba anaangalia parseli yake hata kama yuko Kinshasa ao Dubai.

Matangazo yanapita ku WhatsApp na ku Facebook. Mingi yanatoka Lubumbashi, kilometa 120 hivi ku barabara ya taifa namba 1, na mengine Kolwezi, kule makampuni ya madini yanavuta wageni wenye kulipwa mishahara ya dola. Apartema mupya, grupu, foraji, wifi, kamera, mulinzi, mahali pa kuweka gari. Likasi yenyewe haiko bado na majumba ya etaji ya namna hiyo kwa wingi. Inabaki muji wa parseli, wa nyumba za zamani za kampuni, na wa nyumba za Kikula zenye watu wanaongeza chumba kwa chumba kadiri feza inapatikana. Lakini mwenye kujenga leo, awe muchuuzi wa madini ao mufanyakazi wa kampuni, anaona picha zile na anauliza fundi wake kama inawezekana. Na mupangaji anaanza kuambiwa bei mupya juu ya maneno mawili tu: "confort moderne".

Hakuna mutu mwenye kukataa raha. Jambo lenye kuhitaji kuangaliwa ni lingine. Kila kitu chenye akili mu nyumba kinakaa juu ya umeme, juu ya maji na juu ya mutu fulani mwenye kusimamia vitu vya pamoja. Mwenye kushika hivyo ndiye anashika nyumba, hata kama karatasi iko na jina la mwingine. Likasi ilishapita mu jambo hilo mara moja, na wazee wake wanalikumbuka vizuri.

Kampuni iliwasha, kampuni ikazima

Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa mwaka wa 1906, na muji wenye uliitwa Jadotville mpaka mwaka wa 1966 ulikua pembeni ya viwanda vyake vya Panda na Shituru. Mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilibadilisha mupango. Iliacha kuchukua wanaume wa miezi michache tu, ikaanza kuwaweka na bibi na watoto mu kambi. Nyumba ya matofali, robine, hospitali, masomo, posho kila juma. Polepole taa pia. Kwa macho ya mutu aliyetoka kijiji, ilikuwa maisha ya kisasa kabisa, na hakuna haja ya kuyacheka leo.

Lakini nyumba ilifuata kazi. Mutu akifukuzwa ku kiwanda, anatoka pia mu nyumba, yeye na jamaa yake. Robine ilikuwa ya kampuni, waya ulikuwa wa kampuni, hata rangi ya ukuta kampuni ndiyo ilichagua. Kisha kampuni kupita mu mikono ya serikali na kukuwa Gécamines, mupango uliendelea karibu vilevile. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa 9 mwaka wa 1990 mugodi wa Kamoto ulibomoka, kisha uporaji ulifuata mwaka wa 1991, na kufikia mwaka wa 2003 shaba yote ya Gécamines haikufika hata tani 30,000. Mwaka huohuo zaidi ya wafanyakazi 10,000 walitoka mu ile "départs volontaires" yenye ililipwa na feza za Benki ya Dunia.

Kuanzia hapo swali lilikuwa: bomba likipasuka, nani anatengeneza? Mbele ilikuwa kampuni. Sasa hakuna mutu. Watu walichimba visima mu parseli, wakavuta nyaya kutoka kwa jirani, wakanunua bido za maji. Ule uliofungua robine kila asubuhi kwa miaka 20 hakuwa hata mara moja mwenye robine, na alijua hivyo siku yenye ilikauka.

Hadithi hiyo inafaa kukumbukwa mbele ya mulango wenye kufunguka na telefone, juu muundo ni uleule. Raha inakuja na nyumba, na mwenye kuiendesha anakaa mahali pengine.

Karibu na chanzo, mbali na umeme

Kuko ajabu moja ya Likasi yenye wageni hawaelewi haraka. Muji huo uko katikati ya centrale za umeme. Mwadingusha, ku muto Lufira, inafanya kazi tangu mwaka wa 1930, na ni ukuta wake ndio uliumba ziwa Tshangalele. Kisha ilikuja Koni, ku muto uleule, na mu miaka ya 1950 Nzilo na Nseke ku Lualaba. Mwaka wa 1982 laini kubwa kutoka Inga ilifika Kolwezi, kilometa karibu 1,700 za nyaya kupitia nchi mzima. Vijiji vingi vyenye viko chini ya nyaya hizo havijawahi kuona taa hata moja.

Centrale zile zilijengwa juu ya viwanda. Muji ulipata chenye kilibaki. Na mpango huo haujabadilika sana: wakati Mwadingusha ilitengenezwa upya na kurudishwa ku megawati 78 mwaka wa 2021, feza zilitoka ku mugodi wa Kamoa-Kakula, na mugodi ukapata haki ya kwanza ku umeme. SNEL, yenye iliundwa mwaka wa 1970, haikuwa na uwezo wa kulipa kazi hiyo peke yake. Ni makubaliano yenye kueleweka. Lakini hata mugodi huo, na feza zake zote, ulilazimika kisha kununua magrupu makubwa na kutafuta umeme nje ya nchi, sababu umeme wa laini ulikuwa unakatika. Mwaka wa 2024 Zambia, yenye inauzishaka umeme ku Katanga, ilipata ukame mukali mupaka ikakosa umeme wa kutosha hata kwa raia wake.

Sasa, kama kampuni ya madini ya ukubwa huo haikuweza kutegemea laini peke yake, apartema ya etaji tatu ku komini ya Likasi ao ya Panda itaitegemea namna gani? Jibu la wenye kujenga ni grupu na pano za jua. Ni jibu zuri, lakini liko na bei yake, na bei hiyo inalipwa kila mwezi, hailipwe mara moja.

Sheria ya tarehe 17 mwezi wa 6 mwaka wa 2014 ilifungua mulango. Tangu hapo SNEL haiko tena peke yake mu kazi ya umeme, na mashariki ya nchi imeonyesha chenye inaweza kutokea. Ku Goma na Rutshuru, Virunga Energies inaleta umeme wa maporomoko, kama ule wa Matebe, na mukaaji analipa mbele ku telefone: anaingiza feza, konteri inahesabu, feza ikiisha taa inazimika. Nuru, ku Goma pia, ilijenga centrale ya jua ya megawati 1.3. Kwa wakaaji wa kule, teknolojia ya akili haikuanza na taa yenye kusikia sauti ya mutu. Ilianza na konteri. Na mwezi wa 1 mwaka wa 2025, wakati vita ilifika ku muji na nyaya zikakatika, Goma ilibaki bila umeme na bila maji kwa pamoja, juu pompi za maji zinatumika na umeme. Konteri ya akili haikuwa na chenye ingehesabu.

Ku Likasi kitu hicho kidogo, konteri, kinaweza kufanya kazi kubwa kupita kamera kumi. Mu parseli mingi konteri ni moja na nyumba ni tano ao sita. Fakture ikifika, magomvi yanaanza: mwenye kuchomelea vyuma anasema hakutumia sana, mujane mwenye taa mbili analipishwa sawasawa na yeye, mwenye frigo mbili ananyamaza. Mu jumba la apartema ni magomvi yaleyale, lakini yanapanda ngazi. Konteri ndogo ku kila apartema, yenye kila mutu anaweza kusoma mwenyewe, inaondoa nusu ya kesi mbele hazijafika kwa shefu wa mutaa. Mwenye kujenga akisema ameweka wifi na kamera lakini hakuweka konteri ku kila mulango, alianza ku mwisho.

Hesabu ya batri

Tuseme nyumba iko na modemu ya wifi yenye kula wati 10, na kamera ine za wati 5 kila moja. Zote pamoja ni wati 30. Ni kidogo sana, karibu na taa tatu za LED. Lakini kamera hailale. Wati 30 mara saa 24 ni wati-saa 720 kwa siku moja.

Batri ya kawaida ya asidi, ile ya volti 12 na ampere 100 yenye watu wanauzisha ku soko, inabeba wati-saa 1,200. Lakini ukiitumia kupita nusu kila siku inakufa haraka, kwa hiyo inakupatia 600 tu. Ni kusema modemu na kamera peke yake zinaimaliza kwa saa 20, mbele taa moja haijawaka mu chumba cha kulala. Na mutu akiwasha mashine ya kupasha maji ya wati 1,500 kwa nusu saa, amekula 750: batri nzima na zaidi, juu ya kuoga tu.

Ndiyo maana mafundi wazuri wanauliza kwanza, "Unapenda nini kisizimike?" mbele ya kuuliza mutu iko na feza ngapi. Taa, telefone, modemu, televizio, frigo ndogo: hivyo vinawezekana na pano chache na batri nzuri ya litium. Klimatizere, mashine ya maji ya moto na pasi ni hesabu ingine kabisa. Mwenye kutangaza "nyumba ya jua" mu sentensi moja bila kusema ukubwa wa batri anauzisha picha ya pano.

Kuko pia kitu chenye watu wa SNEL na wa karakana wanakijua na wauzishaji hawakisemi. Umeme ukirudi kisha delestaji, mara mingi hauingie polepole. Volti inapanda na kushuka kwa dakika chache. Balbu ya zamani ya waya ilivumilia. Balbu ya akili, soketi ya akili na kufuli ya akili ziko na kadi ndogo ya elektroniki ndani, na kadi hizo ndizo zinaungua kwanza. Mu nyumba yenye vitu 20 vya namna hiyo, kinga nzuri ya volti ku mulango wa umeme inapaswa kuwa kitu cha kwanza cha kununuliwa. Haionekane ku picha, kwa hiyo inasahauliwa.

Maji, makala na etaji ya tatu

Maji hayapande peke yake. Ili yafike ku robine ya etaji ya tatu, REGIDESO inapaswa kuwa na nguvu ya kutosha mu bomba, ao tanki iwe juu ya paa na pompi iijaze. Pompi inataka umeme. Kwa hiyo mu jumba la apartema kukosa umeme ni kukosa maji, na kukosa maji ni choo chenye kuvuta maji kisichovuta. Mu parseli ya chini mutu anachukua ndoo na kwenda ku kisima cha jirani. Ku etaji ya tatu anapanda na ndoo ngazi 50, kama asansere imesimama. Na itasimama.

Foraji inaonekana kukuwa dawa ya yote. Hapa Likasi inataka uangalifu wa pekee. Muji umezungukwa na karne moja ya viwanda vya shaba na kobalti, na maji ya chini yanapita mahali penye udongo huo uko. Mwaka wa 2009 watafiti wa Université de Lubumbashi pamoja na wa Louvain, Ubelgiji, walitoa matokeo ya kupima mikojo ya wakaaji wa Katanga: wale wenye kukaa karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti mingi mu mwili kupita sana wale wenye kukaa mbali, na watoto ndio waliguswa zaidi. Vumbi ni njia moja, chakula na maji ni zingine. Maji yenye kuonekana safi mu gilasi hayaseme kitu. Karatasi ya laboratware ndiyo inasema. Mwenye kujenga mwenye alilipa foraji anaweza pia kulipa kipimo, na mupangaji iko na haki ya kuiomba mbele ya garanti.

Kisha kuko jiko. Hapa ndipo nyumba ya kisasa na maisha ya kweli vinagongana, na ni ajabu kwamba ramani mingi hazifikirie jambo hilo. Jamaa kubwa ya Likasi hupika bukari na sombe ku mbabula, na makala. Umeme hautoshi kwa jiko la wati 2,000 kila siku, na gazi inabaki ya wachache. Wekeni jamaa hiyo ku etaji ya pili, mu jiko la "amerikani" lenye kuungana na salon: mbabula itawekwa wapi? Ku balkoni, kama balkoni iko. Kama haiko, itawekwa ndani, madirisha yamefungwa juu ya mbu ao juu ya baridi ya mwezi wa 6, na moshi wa makala usioonekana unaua watu wakiwa usingizini. Na kinu je? Kutwanga sombe juu ya kichwa cha jirani saa kumi na mbili ya asubuhi ni kesi yenye hakuna telefone inaweza kumaliza. Jumba lenye akili ya kweli lingekuwa na jiko la pamoja chini, lenye paa na hewa, na mahali pa kutwangia. Hilo halitaki intaneti, na ni rahisi kupita kamera.

Mulango wenye kungoja intaneti

Vitu mingi vya akili haviseme na telefone ya mwenye nyumba moja kwa moja. Amri inatoka ku telefone, inaenda ku mashine ya kampuni mu nchi ya mbali, kisha inarudi ku taa yenye iko mita mbili kutoka mahali mutu amekaa. Intaneti ikikatika, taa hiyo inaweza kukosa kusikia.

Mu Kongo hilo si jambo la kufikiria tu. Tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka wa 2018, kesho yake ya uchaguzi, intaneti ilikatwa mu nchi mzima, na ilirudi kisha siku karibu 20. Mutu mwenye kufuli ya kungoja mashine ya mbali angekaa inje siku 20, ao angevunja mulango wake mwenyewe. Tangu mwezi wa 5 mwaka wa 2025 Starlink iko na ruhusa ya kufanya kazi hapa, kisha kukatazwa mwaka wa 2024, na hiyo inaongeza njia. Lakini njia ingine ya intaneti haibadilishe kwamba kufuli inasikiliza mutu mwingine.

Na mutu huyo mwingine anaweza kufunga duka. Mwezi wa 5 mwaka wa 2016 Nest, ya kundi la Google, ilizima mashine za Revolv, kifaa chenye watu walinunua ili kiongoze taa na milango yao. Vifaa vilibaki visanduku vya plastiki. Mwezi wa 4 mwaka wa 2022 Insteon, kampuni ingine ya Marekani, ilizima zake bila kuonya wateja. Nyumba hazikuwa na kosa. Aliyeziendesha aliondoka, kama vile ilitokea ku kambi za Likasi.

Kamera nazo ziko na upande wao. Mu mwaka wa 2016 wahalifu waliunda jeshi la kompyuta lenye liliitwa Mirai kwa kuingia mu kamera na modemu zenye wenyewe hawakubadilisha neno la siri la kiwandani. Hilo linaweza kukingwa na dakika tano za kazi: badilisha neno la siri siku ya kwanza. Chenye kuwa kigumu zaidi ni kujua nani anaangalia. Kamera ya ngazi inaona mama akitoka kwa maombi, inaona mugeni wa usiku, inaona mupangaji mwenye deni akijificha. Picha hizo ziko ku telefone ya nani: mulinzi, mwenye jumba, ndugu ya mwenye jumba? Code du numérique ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka wa 2023 inalinda habari za mutu binafsi, lakini sheria haingie mu ngazi peke yake. Mupangaji anapaswa kuuliza, na jibu liandikwe mu kontra.

New York wapangaji walifika mupaka ku tribinali. Mwenye jumba moja ku Manhattan aliweka kufuli za telefone ku mulango mukubwa. Kati ya wapangaji walikuwa wazee wasiotumia telefone za namna hiyo, na wengine hawakutaka kila kuingia na kutoka kwao kuandikwe. Mwezi wa 5 mwaka wa 2019 waliafikiana na mwenye jumba: anawapatia funguo za kawaida, za chuma.

Karatasi mbele ya kamera

Mu Kongo, kulingana na sheria ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka wa 1973, udongo ni wa serikali. Mutu anapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inasimama na certificat d'enregistrement. Karatasi ya shefu wa mutaa, ao "acte de vente" yenye kuandikwa ku meza, si sertifika, hata ikiwa na mihuri kumi. Mwenye kununua apartema ananunua kipande cha jumba lenye kukaa juu ya udongo mumoja. Kwa hiyo swali la kwanza ni: sertifika ya udongo huo iko kwa jina la nani, na kipande chake kimeandikwa wapi? Uganda iliandika sheria ya pekee ya majumba ya namna hiyo mwaka wa 2001, Tanzania mwaka wa 2008, na Kenya iliandika yake upya mwaka wa 2020. Zote zinarudia jambo moja: wenye apartema wanaunda chombo chao cha pamoja, na chombo hicho ndicho kinasimamia ngazi, paa, tanki na mashine. Hapa kwetu wanunuzi wanaweza kuandika makubaliano ya namna hiyo kati yao mbele ya notere, na wasingoje magomvi ya kwanza juu ya mazuti ya grupu.

Kwa mupangaji kuko sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka wa 2015. Kwa nyumba ya kukaa, inaweka garanti isipite miezi mitatu. Mwenye nyumba mwenye kuomba miezi sita ao kumi sababu "kuko kamera na wifi" anaomba kitu chenye sheria haimupe, na komini iko na ofisi ya habitat ya kusikiliza malalamiko hayo. Mengine yote yanafaa kuandikwa: grupu inawaka saa ngapi kwa siku, nani analipa mazuti, konteri inasomwa na nani, na pompi ikiharibika itatengenezwa kwa siku ngapi.

Na mbele ya kutia sahihi, kuko njia moja isiyolipwa. Usiende kuangalia apartema saa ine ya asubuhi, wakati mwenye kuuzisha amewasha kila kitu na klimatizere inapiga baridi. Nenda siku ya delestaji, saa moja ya jioni. Panda na ngazi mupaka etaji ya juu. Fungua robine na uiache dakika tano. Uliza mulinzi, usiulize mwenye jumba, mara ya mwisho grupu ilizimika siku gani na ilikaa muda gani. Kisha toka inje, omba wafunge mulango ule wa telefone, wazime modemu, na uone kama kuko tundu la ufunguo.